Kiapo cha Asumani cha Siku ya Idi

Tangu mwezi wa Ramadhani uandame, Asumani hakugusa lutuku, pombe kali ya kienyeji. Hilo halikumshangaza mtu mtaani Kasuku: walevi wengi wa Kiislamu huifunga na chupa pia, na Idi ikifika wanairudia kabla pilau haijapoa. Lakini Asumani, fundi wa kushona suti za abakosti, alitaka kuwapita. Siku ya Idi, baada ya sala, alisimama mbele ya watu wote.

"Mimi na pombe, basi! Mpaka kaburini."

Wakamkumbatia. Habari ikafika mpaka kwao Tunda, ambako mke wake Mwanahamisi, mama wa Safi, alikuwa amekimbia ulevi huo, akakaa kwa kaka yake Hamadi. Hamadi mwenyewe akamrudisha.

"Shemeji," alisema mlangoni, "akija tena kwangu analia, huku harudi."

Sifa ni tamu. Kila aliyepita alimwita shehe, naye akajiona kama kazi imekwisha. Jumamosi moja baada ya salongo, kazi ya lazima ya mtaa, mgongo unamuuma kwa kufyeka majani ya barabara, koo likamwasha. Mjini angeonekana. Akapanda mtumbwi wa Roger mvushaji, akavuka mto mpaka Alunguli. Kule hawanijui, alijiambia. Kikombe kimoja tu.

Jioni Roger alimrudisha amelegea kama muhogo uliolowekwa. Ukingoni wanawake walikuwa wanaosha vyombo. Asumani akanyanyua mguu atoke, akaanguka kifudifudi majini.

"Eee, shehe anatawadha!" Victorine, muuza samaki, akapasua kicheko. "Jirani, hii njo sala gani?"

Mwanahamisi alikuwa kati yao, sufuria mkononi. Hakucheka, hakulia. Alimwinua, akamfuta matope usoni polepole kama mtoto, mbele ya wote. Angempiga ingekuwa nafuu.

Asubuhi Asumani hakuweza kumtazama.

"Mama Safi, nisamehe. Ijumaa nitasimama tena musikitini, niape upya."

"Usiape! Kinywa chako njo kinatuponza. Watu walikupongeza, ukaona umeshafika. Mara hii usiambie muntu. Hata mimi usiniambie."

"Utarudi Tunda?"

"Sijui, Baba Safi. Acha niangalie."

Alasiri Roger akapita uani, kafi begani.

"Shehe, nafasi iko! Tunavuka?"

Masikio yalimwaka Asumani. Koo nalo lilikuwa linaitika. Akainama juu ya cherehani, akakanyaga pedali, ijapokuwa hapakuwa na kitambaa. Sindano ikapanda na kushuka bure. Roger akacheka, akaenda zake. Kesho yake akapita tena, na Asumani akakanyaga tena, uso chini, aibu ikimtoka kwa jasho.

Mwanahamisi akatoka jikoni, akamtupia kitenge kilichochanika.

"Shona hii basi. Unamaliza uzi bure."

Akakipokea bila kuinua macho. Mwanahamisi hakurudi jikoni. Alivuta kigoda, akakaa kando yake, akimwangalia mguu ukikanyaga pedali.