Kofia ya Chuma ya Karwirwa

"Ng'oeni," mama mkwe wangu, Cicily, alimwambia Daktari Mugendi kabla hatujakaa. "Ni jino la maziwa. Litaota lingine."

Binti yangu Karwirwa, miaka saba, alifunga mdomo kama posta siku ya Jumapili.

"Cucu, hili si la maziwa," daktari akamwambia nyanya huyo. "Tukiling'oa, ndiyo basi."

Kosa hilo ni la Kibugu nzima, kijiji nilikoolewa. Huku jino la utoto likitoka hurushwa juu ya paa, halafu jipya linangojewa. Gego hili lilichomoza nyuma ya mengine bila kulisukuma lolote. Hakuna kilichorushwa, basi nyumba nzima ikadhani ni la zamani.

"Peremende za mama yake," Cicily akaninong'oneza, sauti ikafika mpaka barabarani.

"Ganda la jino lilitoka laini tangu kwenye ufizi, kama chaki. Si peremende, si mama," daktari akamjibu.

Nilitamani ayarudie hayo kanisani, kwenye kipaza sauti.

Dawa nyeupe ya kujazia tundu ilikuwa imebanduka mara mbili. Inataka jino kavu na ganda gumu la kushika, daktari akaeleza, na mtoto huyu akipulizwa hewa tu anaruka. Simenti ya meno haiogopi mate, lakini kwa kutafuna inalika upesi. Hiyo ni ya kumtuliza maumivu kwa muda tu.

"Imebaki kofia ya chuma. Inalifunika gego lote."

"Chuma? Msichana?" Cicily akashika kiuno. "Ataolewa na nani, fundi wa mageti?"

"Mama, nyumba yako umeiezeka mabati kote na wageni bado wanakuja."

"Nyinyi watu wa Meru mna mdomo!"

"Na meno ndani yake. Daktari, weka."

"Gatwiri!" akanikemea. "Mwaniki ajue kwanza."

"Mwanao atajua mtoto akicheka."

Sindano ya ganzi ilimtoa Karwirwa machozi, lakini hakuusukuma mkono wa daktari. Kofia ikapakwa simenti, ikakalishwa juu ya gego, pamba ikawekwa juu yake.

"Sasa uma. Kwa nguvu zote."

Upande ule alikuwa hajatafunia kitu mwaka mzima. Akanitazama. Nikauma meno yangu, nikamwonyesha. Akauma. Mishipa ya shingo ikamtoka.

"Vizuri. Haya, fungua."

Hakufungua. Alimgeukia nyanya yake, pamba mdomoni, akazidi kuuma.