Sindano ya Moto

Kipande cha mfupa kiliganda kwenye ulimi wa Bi Mifupa, kikakataa kutoka.

Hakushtuka. Mfupa uliogeuka jiwe hunyonya mate. Jiwe la kawaida huteleza. Hilo alijifunza mwenyewe, kwa miaka mingi ndani ya ghala la makumbusho, akilamba vumbi la makorongo huku walinzi wakimcheka na kumpachika jina hilo. Lakini vipande vingine huachia vikivutwa taratibu. Hiki alipokivuta, kilikuja na ulimi. Kilipoachia hatimaye, kiliacha ladha ya chumvi.

"Wifi, unakipima au unakila?" aliuliza mke wa kaka yake kutoka upande wa pili wa meza.

"Ningekuwa nakula unavyoniletea, ungekuwa umenizika zamani."

Walicheka kidogo, kwa mazoea. Kisha ghala likarudia ukimya wake, ukimya wa rafu zilizojaa taya zisizo na cha kutafuna.

Miaka saba ilikuwa imepita tangu kaka mtu, mpima ardhi, aliposhuka korongoni na asirudi. Waliomtafuta walikuta chombo chake cha kupimia kimesimama peke yake juu ya miguu mitatu, povu la hewa limetulia katikati ya kioo, lenzi imeelekezwa kwenye ukuta mtupu wa udongo. Nyayo ziliishia hapo. Tangu siku hiyo, kila mvua inapokatika, mkewe huenda kuokota kilichofukuliwa na maji, akakileta. Na Bi Mifupa humjibu: mguu wa swala, ubavu wa kiboko, gamba la kobe. Vyote vya kale. Kila alipotamka maneno hayo, kifua chake kilikuwa chepesi kuliko ilivyompasa mpimaji wa mifupa.

Safari hii wifi hakukaa.

"Yule mjenzi ameniposa tena," alisema. "Ni mtu mzuri. Nimemwambia sitamjibu mpaka nijue. Yupo langoni. Utakachosema sasa hivi ndicho nitakachoshuka nacho."

Bi Mifupa alikigeuza kipande kwenye mwanga wa dirisha. Mfupa wa mkono, chini ya kiwiko. Wa mtu. Katikati palikuwa na uvimbe laini, mahali ulipowahi kuvunjika ukaunga vibaya, ukapinda kwa ndani.

Wote wawili waliujua mpindo huo. Kaka alianguka ukutani utotoni, na hadi ukubwani alijisifu kwamba mkono wake huchungulia konani kabla yake.

"Umeuona," wifi alisema.

"Nimeuona. Lakini watu wanavunjika mikono tangu dunia iwe dunia. Sikiliza." Alikigongesha kwenye ukingo wa kikombe. Kililia kama kigae. "Mfupa wa juzi haulii hivi. Na uzito wake, hebu shika. Hili ni jiwe, wifi. Miaka saba haitoshi kumgeuza mtu jiwe."

"Mimi imenitosha."

Bi Mifupa aliwasha taa ya spiriti, akaishika sindano juu ya moto mpaka ncha yake ikawa nyekundu. Mfupa ambao bado una mabaki ya uhai hunuka kama nywele zinazoungua. Uliokwisha kuwa jiwe haunuki kitu.

"Mimi siwezi kustahimili kuinusa," wifi alisema. Alijiziba uso kwa mtandio, akaenda kusimama nje ya mlango.

Sindano iligusa uvimbe. Bi Mifupa aliinama, akavuta pumzi. Vumbi. Chuma. Spiriti. Akavuta tena, polepole, kwa uaminifu wote aliokuwa nao.

"Haunuki," alisema. "Ni wa kale."

"Basi bado yuko mahali," wifi alisema, kama mtu anayejitwika tena mzigo aliokuwa ameutua mlangoni. Viatu vyake vikasikika vikishuka ngazi.

Kaka alikuwa mzima tena, angalau hadi mvua nyingine. Bi Mifupa alikiweka kipande kwenye trei na kugundua kwamba alikuwa anatabasamu.

Mama wa usafi aliingia na ndoo yake, akasimama ghafla, akaziba pua.

"Nani kaunguza nywele humu?"

"Hakuna aliyeunguza nywele."

"Hakuna vipi, Bi Mifupa? Harufu imenipokea tangu kwenye ngazi. Fungua dirisha basi, tutakufa."

Bi Mifupa alifungua dirisha. Chini, wifi alikuwa anavuka ua bila haraka, na pale langoni mwanamume mwenye vumbi la saruji mabegani alikuwa ameshasimama kumpokea. Bi Mifupa alivuta hewa ya nje, kisha akageuka akavuta ya ndani. Kwake zilikuwa hewa moja, bila nywele zilizoungua.

"Wifi," aliita. "Ngoja kwanza."

Wifi alisimama, lakini hakugeuka.

"Weka ndoo chini, mama," Bi Mifupa alisema. "Njoo usimame hapa, karibu yangu, unisaidie kunusa."

Akairudisha sindano kwenye moto. Ncha ilianza kuwa nyekundu. Kwenye ukingo wa trei kipande cha mfupa kilikuwa kimelala na mpindo wake, kama kinachochungulia konani.