Wekundu wa Vumbi

Mkorosho haumsubiri mwenye huzuni. Korosho zilidondoka, na Oliva aliziokota kimya, akizinyofoa kwenye mabibo kama mtu anayelipiza kisasi.

Bibi yake, Scholastika, alikuwa akimtazama kwa pembeni. Mjukuu huyu aliyesomea mambo ya anga hadi ng'ambo alirudi Newala wiki iliyopita, eti kuja kupumzika. Kupumzika gani kwa kususia ugali?

"Mke mwenzangu," bibi alisema, "hata marehemu babu yako, nikimnunia, nilimwambia sababu. Sema."

Oliva akasema. Ile galaksi yake, lile kundi la nyota aliloliona kwenye picha za darubini iliyorushwa angani, ambalo bibi alilitangaza hadi kwenye jumuiya ya kanisani, halikuwa la mwanzo wa ulimwengu. Vitu vya mbali sana huonekana vyekundu, kwa kuwa mwanga wake hutanuka njiani.

"Nikaona wekundu, nikasema huo ni umbali. Wamepima upya. Ni vumbi tu lililoipaka wekundu, bibi. Iko karibu."

"Kumbe! Umeona mtu mwekundu kwa vumbi barabarani, ukapiga vigelegele, mgeni wa Dar es Salaam huyo! Kumbe katoka Chiwata hapo."

Oliva alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Mwalimu wangu anataka jibu leo kama narudi. Sirudi. Nitakaa na wewe."

Bibi aliinama kuokota korosho ambayo haikuwepo. Maneno hayo ndiyo aliyoyasalia rozari tangu aanze kupika sufuria ya mtu mmoja. Akinyamaza tu, amepata. Na kunyamaza si kusema uongo.

Lakini mdomo wake haukuzoea kukaa bure. "Na hizo za mwanzo kweli, zipo?"

"Zipo! Mwanga wake umetembea zaidi ya miaka bilioni kumi na tatu." Oliva alichutama, akapanga korosho mchangani: hapa sisi, hapa ile ya vumbi, na kule, akajinyoosha hadi kanga ikafunguka, zile za kwanza. Akaeleza jinsi ya kuuchambua mwanga rangi kwa rangi, vumbi lisimdanganye mtu tena. Alisahau kulia. Alisahau kwamba anaongea na mtu aliyeishia darasa la nne.

Nikimzuia atakaa, bibi aliwaza, ila nitakuwa nakaa na ganda tupu.

"Oliva, nilimwomba Mungu akurudishe. Sikumwambia kwa njia gani, naye akatumia vumbi. Basi nimekuona, yatosha. Panda kile kichuguu, mtandao uko kule. Mpigie mwalimu wako."

"Na wewe, bibi?"

"Mimi nina wachumba watatu. Wewe ndiye unayewatisha."

Oliva aliondoka akitembea, halafu akikimbia. Bibi alingoja hadi mikorosho ilipomficha, ndipo akaketi chini, miguu mbele, mikono mitupu mapajani.

Baada ya muda sauti ikamfikia kutoka kichuguuni, Kiingereza cha mbiombio. Hakuelewa hata neno moja. Alielewa tu kwamba mtoto anabishana, tena kwa raha.