Kiganja cha Ukuta wa Magharibi

Kila alfajiri Hajran alikuwa na kazi moja ndogo ambayo hakuna aliyemtuma. Alipitisha kiganja kwenye ukuta wa magharibi, polepole, kama mama anayempapasa mtoto mwenye homa, akitafuta nyufa. Penye ufa alipaziba kwa udongo laini wa ncha ya kidole. Ndipo akaenda kuwasha moto wa mikate.

Alfajiri ile hakufika hata katikati.

"Hajran, toa mkono hapo," mama mkwe wake, Bhagbhari, alisema akiwa kitandani uani. "Ukuta huo mwaka huu ataukandika Rabel."

"Rabel? Huyu aliyekuja juzi?"

"Ana mikono miepesi. Wewe kandika wa jikoni."

Ukuta wa jikoni! Ule uko kivulini mwa mwarobaini, hata ukiachwa miaka miwili hauna neno. Wa magharibi ndio unaolibeba jua kali la wilaya ya Jacobabad tangu adhuhuri hadi jioni, na nyuma yake ndipo Bhagbhari alipolala mchana, na ndipo ilipohifadhiwa ngano ya mwaka mzima. Kwa miaka kumi na mmoja, kila kabla ya joto kuu, Hajran ndiye aliyeukandika. Na kila alipomaliza aligandamiza kiganja chake kwenye kona ya mlango, kama wafanyavyo wanawake wa kijiji kile, ili mpita njia ajue ni kazi ya nani. Kila kipya kilifunika cha mwaka uliotangulia. Ndani ya ukuta ule mlikuwa na viganja vyake kumi na kimoja.

Rabel, mke wa mdogo wa mumewe, alikuwa ameolewa majira ya baridi tu. Aliloweka shimoni udongo, mavi ya nyati wa kufugwa na makapi ya ngano siku tatu. Hajran alipita karibu na lile shimo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akiomba kimoyomoyo mchanganyiko uwe majimaji. Ulitoka laini kama unga uliokandwa wa mkate. Rabel akakandika kwa alfajiri mbili, akaufunika ukuta kwa magunia yaliyoloweshwa ili ukauke taratibu usibanduke, na pale kwenye kona akaacha kiganja chake, kidogo kama cha msichana.

"Mashallah!" Bhagbhari alishangilia. "Jua hili linalomfanya kuku atage yai lililochemka, acha lije. Ukuta huu halitauweza!"

Miaka yote hiyo, Hajran alikuwa akiambiwa, "Umemaliza? Haya, njoo ule."

Adhuhuri, wote walipolala ndani, alitoka kwenda kusuuza sufuria. Hakuisuuza. Alisimama mbele ya magunia, kisha akayashusha matatu, yale tu yaliyofunika kile kiganja kidogo. Aliyarudisha alasiri, yamekakamaa kama ngozi.

Kesho yake mchana kikasikika kishindo. Wakatoka mbio. Kwenye kona, bamba zima la udongo mpya lilikuwa chini vipande vipande, na mahali pake, kidole kwa kidole, palionekana kiganja kikubwa chenye kidole cha mwisho kilichopinda. Cha Hajran, cha mwaka jana.

"Mikono miepesi, na kazi nayo nyepesi!" Bhagbhari alifoka. "Rabel, hukuukwaruza udongo wa zamani? Hata mtoto anajua, usipokwaruza, mpya haushiki!"

"Nilikwaruza, mama. Ukuta wote." Rabel aliinamisha kichwa. "Isipokuwa hapo tu."

"Hapo pana nini?"

"Palikuwa na mkono wa dada Hajran. Nilishika mundu wa kukwaruzia mara mbili, nikashindwa. Niliona kama namkwaruza yeye."

Hajran alikitazama kile kiganja. Yeye mwenyewe, kila mwaka, alikuwa akivikwaruza viganja vyake bila hata kufikiri.

"Basi yaishe," Bhagbhari alisema. "Hajran, kesho ukuta ni wako. Nilikosea kukunyang'anya."

Hicho ndicho alichokuwa akikitamani. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Rabel alikuwa amepiga magoti, anaokota vipande, na bangili zake zinalia taratibu.

"Acha, Rabel. Inuka," Hajran alisema, kisha akamgeukia mama mkwe wake. "Si yeye, mama. Jana adhuhuri mlipolala, niliyatoa magunia."

"Uliyatoa? Ukuta ninaolala nyuma yake? Kwa nini, mwanangu?"

Hajran aliinama, akaokota kipande kimoja cha ule udongo.

"Kwa sababu ulimwambia mashallah," alisema. "Miaka kumi na mmoja, mama. Nilikuwa nangoja uniambie mimi."