Maji Hayakumjua Bronwyn

Bronwyn alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi jekundu, anapunguza upepo wa tairi la nyuma, wakati baba yake alipokuwa akiwatambulisha watu kwa maji.

Lilikuwa jambo la kawaida kwenye makorongo ya Kimberley, kaskazini mwa Australia. Dulcie, mwanamke wa ukoo wenye mto ule, alikuwa amewaeleza getini huku akimenya chungwa.

"Mzee, kila mtu na jiwe lake. Alisugue kwapani lishike jasho, kisha ulitupe na umtaje. Na mtu hajitaji mwenyewe hapa. Anatajwa na mkubwa wa kwao; mkubwa anatupa la kwake tu."

"Na asiyetajwa?" aliuliza Lachlan, mdogo wake Bronwyn, aliyekuwa ameshuka kwenye ndege ya Perth jana yake na begi lisilo hata na kijiko.

"Atabaki mkavu," alisema Dulcie, akatema mbegu.

Mzee Des, baba yao, alitupa la kwake kwanza. Akamtaja Lachlan kwa majina yote matatu, sauti ikapanda. Akamtaja Tiegan, mchumba wa Lachlan, ambaye mzee alikuwa amemfahamu tangu kifungua kinywa. Akamtaja mbwa, Dizeli. Kisha akageuka, akaiona Landkruza kule juu, akaokota jiwe jingine.

"Na gari langu," akasema. "Halijawahi kuniangusha."

Bronwyn alikuwa nyuma ya gari hilo.

Alipomaliza tairi la mwisho akavaa nguo yake mpya ya kuogelea, akashuka bwawani. Maji yakampisha. Akatembea juu ya mchanga hadi usawa wa maji ukampita kichwa, nayo yamesimama pande zote kama pazia la bafuni. Samaki mmoja akachungulia, akarudi. Juu yake Lachlan alielea chali, na maji yalimbeba kama mtoto aliyepitiwa na usingizi.

"Dada, hujalowa hata nywele?"

"Hata nywele."

"Una bahati! Basi tubebee mataulo."

Tangu hapo Bronwyn akawa mbeba vitu. Alipita chini ya maporomoko na kamera, mataulo na mkate, visiingiwe hata na tone. "Wifi, wewe ni begi la maana," Tiegan alimsifu, na alisema kwa moyo safi.

Wivu Bronwyn alikuwa anao wa zamani. Tangu mama yao afariki, yeye ndiye aliyekaa na mzee, akampikia, akamkata kucha za miguu. Lachlan alipiga simu kila Krismasi, na siku hiyo mzee alinyoa ndevu. Lakini huu ulikuwa wivu mpya, wa matone. Aliyatazama yakiteleza mgongoni mwa mdogo wake, yakikawia kwenye uti wa mgongo kama yasiyotaka kuondoka. Akauweka mkono pale, kama anayefukuza nzi. Mgongo ukakauka umbo la kiganja.

"Toa bwana, pananichoma," alisema Lachlan.

Jioni, motoni, Bronwyn akamwambia mzee, "Baba, hukunitaja."

"Wewe?" Des alikuwa anatafuta sukari. "Wewe si upo tu. Kesho basi."

Kesho ilikuwa korongo jingine, lakini mto ulikuwa uleule na habari zilikuwa zimeshatangulia. Mzee alikuwa na shughuli ya kumwonyesha Lachlan mamba wadogo wakiota jua. Bronwyn akainama ukingoni, akajitaja mwenyewe, jina la kwanza na la ukoo. Maji yakasikiliza kwa adabu, kama karani anayesubiri barua ya utambulisho, na hayakusogea.

Huenda mambo yangebaki hivyo, kama si vyombo. Maji ya kunywa walikuwa wameyabeba kutoka mjini na hayo yalimjua kila mtu, ila vyombo vilioshwa mtoni, na sahani mkononi mwa Bronwyn ilitoka na mafuta yake kamili. Ikabidi Lachlan aoshe. Sufuria la chuma, lenye masizi nje na mafuta ya soseji yaliyoganda ndani, likamvunja ukucha.

"Baba, hii haiwezekani," akasema asubuhi iliyofuata. "Mtaje dada."

Kabla hajamaliza, mzee alikuwa ameshasimama anatafuta jiwe. Bronwyn aliiona ile haraka.

Akalisugua jiwe kwapani mpaka ngozi ikamuwaka, akampa. Des akapanda mwambani, akavua kofia, akakohoa. Bronwyn alisimama nyuma yake, vidole vya miguu vimegusa pale maji yalipoanzia. Mzee akatafuta cha kusema kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni pake.

"Huyu," akasema mwishowe, "ndiye anayetupikia na kutuoshea vyombo."

Jiwe likazama.

Bronwyn akapiga magoti, akaingiza mikono. Maji yakaipokea, ya baridi, matamu, yakapanda hadi kwenye viwiko. Hapo yakakoma. Akasogea mbele, nayo yakarudi nyuma kiasi hichohicho.

"Umeona?" alisema Des, akavaa kofia. "Mambo yamekwisha."

"Baba, sema jina."

"Si nimeshasema? Maji yana akili, yameelewa." Akageukia mwamba wa juu. "Lachlan, mwanangu! Ruka basi tukuone!"

Lachlan akaruka. Bwawa likainuka likamwagikia mwamba mzima. Tiegan akapiga kelele, Dizeli akajikung'uta, mzee akacheka, maji yakimchuruzika masikioni. Palipokuwa na Bronwyn pakabaki duara kavu.

Akalivuta sufuria la chuma, akaanza kulisugua kwa mchanga. Masizi yalitoka vizuri. Tone moja likadondoka kutoka kiwikoni, likaukaribia mguu wake, likapita pembeni.