Msimamizi Aliyejitoa kwa Saini

Quirin Aschbichler alikuwa fundi wa mapaa, na mtu anayeshinda juu ya mapaa ya wenzake huzoea kudhani anaona kila kitu. Kumbe lililokuwa chini ya miguu yake mwenyewe hakuliona kwa miaka tisa.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Afra. Afra alikaa kwenye ndoa miaka kumi bila mtoto. Mimba mbili zilimtoka. Ya tatu ilishika, na siku theluji ilipofunga barabara, Quirin ndiye aliyempeleka hospitali kwa gari lake la kazi, ngazi na mbao zikigongana nyuma yao njia nzima. Akazaliwa msichana, akaitwa Theres. Afra hata hajapewa chai alimtazama kaka yake, akamwambia kwamba msimamizi wa ubatizo wa mtoto huyu ni yeye na asimbishie. Hakubisha. Alilia, lijitu lizima lenye ndevu, mpaka wauguzi wakamletea kiti.

Huko Oberkirnbach, kijijini kwao, msimamizi si jina la kuandika tu kitabuni. Yeye ndiye anayembeba mtoto kutoka nyumbani mpaka kwenye maji. Yeye ndiye anayenunua mshumaa. Na wazazi wakiondoka mapema duniani, mtoto anajua aende kugonga mlango gani. Kwa hiyo Quirin, ambaye hakuoa wala hakuzaa, alianza kutembea kijijini kama aliyepewa cheo. Mshumaa aliuagiza mapema, wa nta safi ya nyuki, na jina la mtoto likachorwa ubavuni.

Kilibaki cheti. Ubatizo ulikuwa ufanyike parokia ya mume wa Afra, na padri wa kule alitaka karatasi kutoka parokia ya Quirin ya kuthibitisha kwamba ni Mkatoliki anayestahili kusimamia. Jambo dogo. Jumanne alipotoka kazini alipitia ofisi ya parokia, suruali ingali na vumbi la mbao.

Katibu wa parokia, Bi Zirngibl, alimjua tangu alipokuwa mtumishi wa altare. Alianza kuandika jina lake kwenye kompyuta huku akimsimulia habari za goti lake la kushoto, kwamba daktari anasema hivi na yeye anajua vile. Mara habari za goti zikakatika. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Quirin," akasema polepole, "hapa panasema ulijitoa."

Haya, tuseme ukweli, maana ulikuwa ukweli. Nchini mwao serikali ndiyo inayolikusanyia kanisa kodi. Aliyeandikwa kuwa Mkatoliki anakatwa pamoja na kodi nyingine, kabla hata mshahara haujamfikia mkononi. Miaka tisa nyuma, kiwanda cha mbao alichokuwa akifanyia kazi kilifungwa, na Quirin alikuwa apate kiinua mgongo. Mwenzake mmoja akampigia hesabu kwenye mfuko wa saruji: fungu la kanisa katika kiinua mgongo hicho lilitosha kununua msumeno mkubwa wa karakana. Ukitaka kulinusuru, akamwambia, nenda ukatie saini kwamba umejitoa. Na huendi kwa padri; unakwenda kwenye ofisi ya serikali, ile ile inayoandika ndoa na vifo. Quirin akaenda mji wa jirani. Alilipa ada, akatia saini, na dakika tano hazikuisha. Karani hakumuuliza sababu. Msumeno akaununua.

Jumapili iliyofuata alikuwa kanisani, benchi lile lile, kando ya mama yake. Kwa akili yake alikuwa amejitoa kwenye kodi, Mungu hakuhusika. Upepo ulipong'oa paa la mnara wa kengele, yeye ndiye aliyepanda wiki tatu mfululizo, kila Jumamosi, bila kuchukua senti. Kwenye maandamano ya Ekaristi, wanaume wanne wakishika nguzo za lile hema la hariri juu ya kichwa cha padri, nguzo ya mbele kulia ilikuwa yake. Sasa mtu kama huyo nani atamwambia ametoka kanisani? Mimi nisingethubutu. Lakini karatasi haina macho, na karatasi ilisema ametoka.

Bi Zirngibl hakumsuta. Aliinuka na lile goti lake, akaenda kumwita padri.

Padri wao mpya, Padri Jomon, alitoka Kerala, India. Alikuwa na miaka miwili pale kijijini na bado alivaa masweta mawili hata mwezi wa Mei. Alimkaribisha Quirin ofisini, akamwekea kahawa, kisha akamweleza bila kuzunguka: aliyejitoa kwa maandishi hapokei komunyo, hasimamii ubatizo, na akifa anaweza kukosa kuzikwa na padri. Ila mlango wa kurudi upo. Watakaa wazungumze, barua itakwenda kwa askofu, jibu huchukua kama wiki tatu, kisha atasali Nasadiki, sala ya kukiri imani, mbele ya mashahidi wawili. Basi, yameisha. Ubatizo wenyewe ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili.

"Mimi sikutoka, Padri," Quirin akasema. "Nilitoka kwenye kodi."

"Sheria sikuitunga mimi." Padri Jomon akakizungusha kikombe mezani. "Kwetu mama yangu kila akipika alichota konzi moja ya mchele akaiweka kando, ya kanisa. Mwaka wa njaa hakuweka kitu, na hakuna aliyemwambia kwamba hayumo tena. Nilipofika huku wakanieleza utaratibu wenu, nilidhani Kijerumani changu ndicho kibovu."

Kisha akatoa jalada kabatini. Ndani mlikuwa na taarifa ya serikali ya kujitoa kwake, imegongwa muhuri, ya miaka tisa iliyopita. Pembeni, kwa kalamu ya wino, Padri Haslbeck, yule mzee aliyemtangulia Padri Jomon, alikuwa ameandika maneno matatu. *Anakuja kila Jumapili.*

Quirin aliyasoma, akayasoma tena. Kumbe mzee alijua. Aliishi miaka saba na siri ile, na kila Jumapili alimwekea komunyo kiganjani, akamtazama machoni, akapita kwa mwingine. Na Quirin siku zote alijiona mjanja. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akatoka bila kuaga, akaenda kukaa garini na funguo mkononi.

Lakini Quirin alikuwa na kichwa kigumu kuliko mbao alizozipasua, na aibu ya mtu wa namna hiyo haigeuki kuwa toba siku moja. Kufika nyumbani ilikuwa imeshageuka kuwa hoja. Kama mzee alijua na bado akanipa, basi sikutoka. Na kama sikutoka, nirudi wapi? Nikasimame mbele ya watu niungame kwamba nilikuwa nje, wakati nilikuwa juu ya mnara wao nikipigilia misumari? Sithubutu.

Hata hivyo Afra alikuwa lazima aambiwe. Alimwambia jikoni kwake, mtoto amelala begani mwa mama yake. Afra hakupiga kelele. Alimuuliza ni tangu lini, na alipoambiwa, akahesabu kimya kimya Krismasi na Pasaka zote za miaka tisa walizokaa benchi moja.

"Kujitoa si kitu, nusu ya nchi imejitoa," akasema. "Ila mimi kila mimba ilipotoka nilikuja kwako kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Wewe hukuniambia hata hili. Mficha maradhi kifo humuumbua, kaka."

Quirin akamwambia atafute msimamizi mwingine, yuko shemeji yake, wako marafiki. Afra akamjibu kwamba hakungoja mtoto miaka kumi ili aje amkabidhi kwa mtu wa kuokoteza. Ubatizo ataahirisha. Sherehe haiahirishiki, mwenye hoteli ameshanunua nyama na wageni wameshaalikwa, kwa hiyo italiwa hivyo hivyo. Na sababu ya kuahirisha, akasema, ataitaja Quirin mwenyewe pale mezani, mbele ya mama. Kuhusu kurudi au kutorudi hakumwomba. Alisema tu kwamba Theres atakaa bila kubatizwa mpaka kaka yake aamue, na kwamba watu wakimuuliza atawaambia wakamuulize yeye.

Ndiyo maana Jumapili iliyopangiwa ubatizo, mchana kweupe, watu kumi na tisa wakakaa kula karamu ya ubatizo ambao haukuwapo. Palikuwa na nyama ya nguruwe ya kuchoma yenye ngozi ngumu ya kupasuka, matonge ya viazi, kabichi na bia. Mtoto kavalishwa gauni jeupe refu, maana Afra alisema limeshapigwa pasi. Mama yao, Kreszenz, mwenye miaka themanini na mmoja, alikaa mwisho wa meza na kitambaa chake cha hariri shingoni. Yeye hakuwahi kukosa misa ila siku alizojifungua. Aliambiwa ubatizo umeahirishwa na sababu ataisikia mezani. Hakula kitu, alikuwa akingoja tu.

Quirin alisimama supu ilipoondolewa. Alizungumza akitazama sahani. Alisema alitia saini miaka tisa iliyopita kwa ajili ya kiinua mgongo, kwamba hakumwambia mtu, na kwamba kwa sababu hiyo hawezi kumsimamia Theres. Akaketi.

Mjomba Ignaz ndiye aliyekohoa kwanza, kaka mdogo wa mama yao, dereva mstaafu wa treni.

"Na mimi," akasema. "Tangu habari za wale watoto waliodhulumiwa na mapadri zilipotoka magazetini. Sikuweza kulipia jambo lile. Sikuwaambia kwa sababu ya dada yangu."

Binamu yao Gundi akasema yeye na mumewe walijitoa mwaka waliponunua nyumba. Mwingine akasema alijitoa alipopandishwa cheo. Mwingine alijitoa kwa hasira na askofu, na sababu ya hasira ameshaisahau. Kijana mmoja wa Munich akasema yeye hakujitoa popote, wazazi wake walijitoa kabla hajazaliwa. Kicheko kikaanza, kwanza cha puani, halafu meza nzima. Watu waliochunguzana kwa miaka kila Jumapili, kila mmoja akidhani mkosaji ni yeye peke yake, sasa walikuwa wakigongana bilauri. Mjomba Ignaz alicheka mpaka akafuta macho. Quirin naye alicheka, mzigo ukimteremka mabegani. Akaona hoja yake imeshinda: kama wote hawa wametoka, basi kutoka si kitu.

Mama yao hakucheka. Alikuwa akihesabu kwa vidole juu ya kitambaa cha meza, anamtazama huyu, anakunja kidole, anamtazama yule. Watu walipoliona hilo walinyamaza mmoja baada ya mwingine.

"Rozari ya marehemu husaliwa kwa pande mbili," akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira. "Upande mmoja unaanza, upande wa pili unaitikia. Baba yenu alipokufa kanisa lilijaa, mlisikia wenyewe. Sasa nimehesabu. Siku yangu ikifika, padri ataanza. Nani ataitikia?"

Kila mmoja pale mezani angeweza kumjibu kwamba kusali hakuhitaji kodi, kwamba mdomo ni mdomo. Ingekuwa kweli, na Quirin alikuwa na jibu hilo ulimini kwa wiki nzima. Lakini alimtazama mama yake, jinsi alivyokuwa mdogo mwisho wa ile meza ndefu, na vidole vyake vilivyokunjwa. Akaona kwamba mama hamwulizi habari ya sheria. Alikuwa anaogopa. Mwanamke asiyewahi kumwogopa mtu alikuwa anaogopa kuachwa peke yake, na aliyemwacha ni yeye, mwanawe, aliyekaa ubavuni pake kila wiki.

Akainuka, akazunguka meza yote, akachuchumaa kando ya kiti chake. Magoti yalilia, miaka mingi ya mapaa.

"Inachukua wiki tatu, Mama," akasema. "Barua, askofu, mashahidi. Nitakwenda kwa Padri kesho. Usife kwanza."

Kreszenz alivikunjua vidole vyake. Kisha akaivuta sahani yake karibu, akachukua kisu na uma.

"Wiki tatu," akasema. "Zisizidi."