Jina la Kupandia Mtumbwi

Maximiliana wa Kasoli hakuwa mtu wa kuamini kitu kabla hajakinusa. Maziwa aliyanusa, unga aliunusa, na mgeni akiingia uani alimkagua kwa macho mpaka mgeni mwenyewe akaanza kujishuku kwamba ameiba. Msimu uliopita, pamba ikiwa inavunwa, alimfukuza muuza dagaa aliyeomba maji ya kunywa, eti kwa sababu aliuliza sana habari za watoto wa nyumba ile. Mazungumzo yalimaliziwa na mbwa. Kijiji kilicheka wiki nzima, na Maximiliana hakuona cha kuchekesha.

Leo alikuwa ndani ya Kosta ya kukodi pamoja na akina mama wenzake wa parokia, wakielekea Kalemela kutazama mitumbwi ya kale. Katekista Sylvester, aliyeandaa safari, alisimama mbele ameshikilia kiti, akaeleza jinsi mafundi wa zamani walivyoshona mbao kwa kamba badala ya kuzipiga misumari, na jinsi vyombo hivyo vilivyovusha nafaka, mbuzi na maharusi kutoka mwalo hadi mwalo, zile bandari ndogo za wavuvi. Alieleza vizuri, maskini, ila Maximiliana hakusikia hata nusu. Yeye alikuwa anakwenda kupeleleza.

Binti yake Flora alikuwa ameposwa na Method, kijana wa Kalemela anayefanya kazi ya umeme mjini Bariadi. Washenga walikuwa wanakuja Jumapili kuchukua jibu, na mumewe, Maige, alikuwa amemwachia yeye neno la mwisho. Desturi inajulikana: binti hatolewi mpaka mtu wa nyumbani aende kimyakimya kwa kina mume, asijitambulishe, aulize majirani. Wana ugonjwa gani? Wana ugomvi na nani? Baba wa kijana alikufaje? Kazi hiyo hupewa shangazi. Maximiliana hakumwamini shangazi.

Aliyoyajua yalikuwa machache. Baba wa Method, marehemu Leonidas, alikuwa fundi mitumbwi. Mama yake aliitwa Benedikta. "Ni watu wazuri sana, mama," Flora alikuwa amesema, na hapo ndipo Maximiliana alipoanza kukosa usingizi. Tangu lini watu wazuri wakasifiwa kwa haraka namna ile? Tena nyumba yao ilikuwa na bati jipya. Watu wa ziwani, bati jipya, na baba amekufa. Alikwishasikia maneno ya watu wanaotafuta utajiri wa samaki kwa njia za giza. Hakusema ameyaamini. Alisema tu hajayakataa.

Siri hiyo alimwambia jirani yake Anyesi peke yake, wakiwa bado stendi ya Bariadi. Walipofika Lamadi basi zima lilikuwa linajua. Wakakunja kushika njia ya Mwanza, ziwa likitokeza na kujificha upande wa kulia, na wanawake wakawa wanamgeukia mmoja mmoja na kumkonyeza.

"Usijali, mama Flora," alinong'ona mmoja kwa sauti iliyofika mpaka kwa dereva. "Sisi hatukujui."

Kalemela walipokelewa mwaloni na mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, kitenge kimefungwa kiunoni kwa nguvu kama mtu anayeanza kazi. Nyuma yake dagaa walikuwa wameanikwa, na chini ya kibanda cha makuti na mabati ya zamani palikuwa na mtumbwi mrefu wa mbao zilizoshonwa, umekauka, umepasuka huku na huku.

"Mwadila, bamayu," aliwasalimu akina mama kwa Kisukuma. "Karibuni. Naitwa Benedikta. Mtumbwi huu aliushona baba mkwe wangu, na mume wangu aliutunza mpaka alipoondoka. Sasa nautunza mimi."

Maximiliana alitegemea kuwahoji majirani, na sasa mwenyewe huyu hapa, anatabasamu! Akajificha nyuma ya mgongo wa Anyesi, ambaye kwa bahati alikuwa na mgongo wa kutosha.

Benedikta aliwaonyesha matundu yalipopita kamba na majani yaliyoshindiliwa kwenye maungio ili maji yasipenye. Akawaletea uji wa mtama kwenye vikombe. Wenzake wakanywa na kusifu. Maximiliana akanusa chake, akakirudisha kwenye sinia, akatoa mfukoni chupa ya maji aliyoyachemsha mwenyewe Kasoli. Benedikta aliona. Akaendelea kugawa vikombe, na utulivu ule ukamtia Maximiliana shaka zaidi.

"Na huyo mumeo," Maximiliana aliuliza akijifanya anatazama mbao, "ziwa ndilo lililomchukua?"

"Hapana, mayu. Alikufa kitandani, kwa presha. Kaburi lile pale, nyuma ya nyumba yenye bati. Bati lenyewe ameezeka mwanangu, nilikuwa nanyeshewa."

Jibu lilikuwa limenyooka mno. Mtu asiye na la kuficha, Maximiliana aliwaza, hajibu mpaka maswali ambayo hajaulizwa. Bati nani aliliuliza?

Kisha ikaja zamu ya kupanda mtumbwi mzima, wa siku hizi, waone ziwa kama walivyoliona wazee. Wavuvi wawili walishika makasia na jaketi za kuokolea zikagawiwa. Benedikta akasimama ukingoni, maji yakimfika vifundoni.

"Hapa kwetu hakuna anayepanda bila kujitaja," alisema. "Unasema jina lako, la baba yako, na unakotoka. Mimi nabaki nchi kavu na majina hayo. Mkirudi nawaita, na aliyeitwa ndiye anayeshuka. Zamani mtumbwi ukizama, mtu wa nchi kavu ndiye aliyejua msiba upelekwe mlango upi. Kuna kaburi hapo juu la mtu aliyedanganya jina. Tulimtafutia ndugu, hatukuwapata. Tunampalilia sisi."

Wanawake wakajitaja, isipokuwa wachache walioogopa maji wakabaki mchangani. Anyesi alijitaja kwa sauti ya kwaya. Katekista Sylvester akafuata. Ikafika zamu ya Maximiliana, na kila mmoja akatega sikio.

"Wilhelmina," alisema. "Binti Mhoja. Natoka Mwanhuzi."

Anyesi akapatwa na kikohozi. Katekista akatazama mawingu.

"Wilhelmina wa Mwanhuzi," Benedikta alirudia polepole. "Ng'ombe hawajambo huko?"

"Hawajambo."

"Mwanhuzi sijafika. Huku Kasoli ndiko nilikofika." Akamshika mkono, akampandisha.

Maneno hayo yalimkaa Maximiliana kichwani. Kasoli alifuata nini? Alikwenda lini, na alimwona nani? Wenzake wakaimba, katekista akaonyesha visiwa, yeye akawa anamtazama yule mwanamke ufukweni akizidi kuwa mdogo, bila kuondoka pale aliposimama.

Upepo uliwakuta wakigeuza. Haukuwa dhoruba, wavuvi wenyewe walikuwa wanacheka, lakini maji yalipiga ubavu na kumwagikia mapajani, na nyimbo zikaisha. Maximiliana, mtu wa pamba na vumbi, alishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili. Likamjia lile kaburi la mtu aliyedanganya. Wenzake waliobaki nchi kavu walimjua, hilo alilijua vizuri, ila woga haukutaka kuelewa. Alimwona mtu akipanda basi la Mwanhuzi na habari ya msiba, akiulizia nyumba ya Mhoja ambaye hayupo, na Flora yuko Kasoli anachuja chai. Aliogopa, na aliona aibu, na hakujua kipi kimezidi.

Walipogusa mchanga, Benedikta alikuwa palepale, maji sasa yakimfika magotini. Akaanza kuita. "Anyesi!" Anyesi akaitika, akashuka. "Sylvester!" Akashuka. Aliwaita wote, jina la mtu na la baba yake, bila kukosea hata moja. Maximiliana akabaki peke yake amekaa katikati ya mtumbwi, amelowa, anangoja Wilhelmina aitwe. Wilhelmina hakuitwa.

Benedikta alimtazama. Wavuvi wakasubiri. Wanawake mchangani hawakukonyezana tena.

"Maximiliana," Benedikta aliita. "Mama yake Flora. Wa Kasoli."

Angeweza kukana. Alikuwa na ulimi wa kukana, kila mtu pale alijua.

"Nipo," alisema.

Akashuka kwa kushikwa mkono, na hakuweza kuuachia ule mkono. "Umenijuaje?"

"Nilikuja kwako na beseni la dagaa. Nilijiita jina ambalo hata silikumbuki. Nikaomba maji, nikauliza watoto wako wangapi. Mbwa wako ana mbio."

Maximiliana hakuwa ameutazama uso wa yule muuza dagaa. Alitazama mikono yake tu, kama itabeba kitu.

"Ukanifukuza," Benedikta aliendelea, wala hakukasirika. "Nikaondoka najiambia, mwanangu haoi nyumba ile hata kwa mtutu. Nilikuwa nimefika barabarani niliposikia mtu anakimbia nyuma yangu. Ni binti yako, na kikombe cha maji. Nusu yalikuwa yamemwagika njiani. Akapiga magoti vumbini, akasema, 'Mayu, mama yangu si mbaya, anaogopa tu.' Nikayanywa. Nikarudi nyumbani, nikamwambia Method, endelea."

Flora hakuwahi kumwambia. Mtoto yule alimlinda mama yake mbele ya mgeni, akarudi ndani akaendelea kumenya viazi. Maximiliana alikuja kutafuta ubaya wa watu hawa, na ubaya pekee uliohusika na posa hii ulikuwa umetoka uani kwake mwenyewe, una jina lake na la baba yake. Machozi yakamtoka mbele ya parokia nzima, na hakuyafuta.

"Washenga watakuja Jumapili," alisema kwa shida. "Au mmeghairi?"

Aliyekuja kutoa hukumu sasa alisimama anaingoja, maji yakimtiririka kwenye kitenge. Benedikta alikwenda kwenye sinia, akachukua kile kikombe cha uji kilichorudishwa, kimepoa, kimefanya utando juu, akamletea. Maximiliana alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti mchangani. Hakukinusa. Alikunywa mpaka chini.

"Wabeja," alishukuru.

"Jumapili nakuja nao mwenyewe," Benedikta alisema akikipokea kikombe. "Mbwa umfunge."